Mfuko wa Kulia wa Mheshimiwa

Kiuno cha Mheshimiwa Chimbalame kilikuwa inchi arobaini na nne. Fundi Mulenda alitamka arobaini na mbili, akaandika arobaini na nne, na wote wawili wakaridhika. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita mwaka 2001, katika chumba cha nyuma cha duka la masufuria, mtaa wa Biwi, Lilongwe. Mheshimiwa alitaka suti ya kijivu, mifuko miwili ndani na miwili nje, na aipate kabla ya Jumatatu jioni kwa kuwa alikuwa na hotuba.

"Hotuba ya nini, bwana?" Mulenda aliuliza kwa Kichewa chake cha kuungaunga, pini zikiwa mdomoni.

"Kodi ya mapato," alisema Mheshimiwa. "Nani analipa na nani halipi. Nchi hii ina watu wanaokula tu."

Mulenda alimgeuza taratibu ili ampime tumbo.

Mulenda alikuwa mtu wa Uvira, Kongo. Vita vilipoingia mjini mwaka 1998, yeye na mkewe Antoinette waliacha nyumba, mihogo shambani na mboga jikoni, wakabeba cherehani. Waliivusha Ziwa Tanganyika, wakaivusha Tanzania nzima, hadi kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Sheria ilisema mkimbizi akae kambini na asifanye kazi nje. Tumbo lilikuwa halijaisoma sheria hiyo, kwa hiyo kila Jumatatu Mulenda alipanda minibasi kwenda Lilongwe kushona, na kila Jumamosi alirudi kwa Antoinette.

Siku ya kwanza walipofika Dzaleka, mlinzi wa lango alimuuliza, "Kodi dzina lanu ndani?" Kwa Kichewa neno kodi ni la kufungulia swali tu, kama sisi tunavyosema je. Kodi yenyewe, ile ya serikali, wao huiita msonkho. Mlinzi alitaka jina. Mulenda alisikia neno moja tu alilolijua, akatia mkono mfuko wa kulia wa suruali, akatoa sarafu. Mlinzi aliitazama sarafu, akamtazama Mulenda, akaipokea, kwani mama yake alimlea asikatae cha mgeni. Kesho yake muuza nyanya alimuuliza anataka ngapi, "Kodi mukufuna zingati?" naye akalipwa mara mbili, ya kodi na ya nyanya.

"Hii inchi banalipisha ata salamu," Mulenda alimwambia mkewe.

"Bora salamu," alisema Antoinette. "Kule kwetu balikuwa banalipisha roho. Lipa, tulale."

Alilipa miezi mitatu. Aliyemfungua macho ni Bella, jirani Mrundi aliyekuwa akiuza mandazi pale kambini tangu mwaka 1995. Bella alicheka mpaka akakaa chini. Mulenda hakucheka. Alivua ile suruali, akaitundika ukutani, akanunua nyingine ya mtumba.

Lakini mfuko wa kulia ulikuwa umeshazoea. Kila Mmalawi alipopita mlangoni na kuuliza kodi hili au kodi lile, ulifunguka wenyewe pale ukutani na kungoja. Antoinette aliubana kwa kibanio cha nguo. Mfuko wa kushoto ulitulia, ukawa kama unaosikiliza.

Sasa turudi kwenye suti. Jumatano Mheshimiwa alisema redioni kwamba kuna wageni wanaofanya kazi mjini bila kulipa hata tambala moja, senti ya huko, ya kodi ya mapato. Ijumaa watu watatu wa ofisi ya kodi walifika Biwi na gari, wakamkuta Mulenda amebakiza mfuko mmoja. Walichukua cherehani na kitambaa cha mifuko, wakamwachia suti kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu mkubwa.

Mulenda aliwafuata kwa miguu hadi ofisi yao, jengo la ghorofa mbili ambalo kibao chake kilianguka mwaka mmoja uliopita na hakuna aliyekirudisha. Juu alimkuta afisa aliyeitwa Madamu Nasibeko, mama mpole mwenye miwani.

"Lete risiti ya kodi ya mapato, utapewa mashine yako," alisema.

"Nitalipa sasa hivi, madamu."

"Una namba ya mlipakodi?"

"Sina. Nipe."

"Namba wanapewa wenye kibali cha kazi."

"Nipe kibali."

"Mkimbizi hapewi kibali."

"Basi pokea pesa bila namba."

"Haiwezekani. Ndiyo maana tunasema hamlipi."

Alimpa maji ya kunywa. Alikuwa na roho nzuri, na maji yalikuwa baridi.

Mulenda alirudi Dzaleka na suti begani. Tumaini lake lote lilikuwa kwamba Mheshimiwa akiipata suti yake kwa wakati, atasema neno na cherehani itarudi. Bila cherehani hawakuwa na kitu zaidi ya mahindi na maharage ya mgao, na Antoinette alikuwa na mimba ya miezi sita. Kitambaa kilikuwa kimefungiwa mjini. Aliitoa ile suruali ukutani, akakifungua kibanio, akaukata mfuko wa kulia na kuushona kwa mkono kwenye koti, upande wa kulia, nje. Jumatatu asubuhi aliipeleka suti. Mheshimiwa alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Suti ilimpunguzia inchi mbili.

"Nitaongea nao kuhusu hiyo mashine," alisema.

Jioni ukumbi ulijaa. Mwendesha shughuli alimkaribisha Mheshimiwa jukwaani kwa heshima zote, akimuuliza hali: "Kodi muli bwanji, bwana?"

"Ajalipa," ulisema mfuko.

Ulikuwa na sauti ya mtu mzima mwenye mafua kidogo. Watu walidhani ni simu ya mkononi, maana wakubwa walikuwa wameanza kuwa nazo. Mwendesha shughuli aliuliza kama Mheshimiwa yuko tayari, kodi mwakonzeka, na mfuko ukajibu, "Ajalipa. Ata mwaka ya jana." Nyuma ya ukumbi walikaa madereva wa malori ya Dar es Salaam, nao walicheka na kuwatafsiria jirani zao. Mheshimiwa angeweza kulivua koti. Ila mwezi wa sita Lilongwe ni baridi, na tena lilimkaa vizuri mno. Alisoma hotuba yote, kurasa kumi na mbili, na kwa bahati mbaya hotuba hiyo ilikuwa na maswali mengi.

Wapinzani wake walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Uwazi wa Kodi, na kamati ikauita mfuko kutoa ushahidi Alhamisi. Kanuni zilisema shahidi asiyejua Kiingereza wala Kichewa apewe mkalimani. Karani aliuliza ni nani anayejua Kiswahili cha mfuko, akaambiwa fundi. Mulenda akaitwa. Suruali yake ya mtumba ilikuwa imelowa kwa kufuliwa, kwa hiyo alivaa ile ya zamani yenye mfuko mmoja, na Antoinette akamsindikiza.

Mheshimiwa aliwakuta kwenye korido, chini ya ofisi ya Madamu Nasibeko. Alikuwa amelivaa lile koti, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeukamata mfuko.

"Fundi, mashine yako iko juu pale. Neno langu moja tu inashuka. Mfuko ukisema chochote, wewe sema unanisalimia."

Akaingia ndani. Mulenda na mkewe walibaki wakitazama ngazi.

"Utasema je?" aliuliza Antoinette.

"Nitasema bongo. Ile mashini njo maisha yetu."

"Sema bongo basi. Mungu iko anaona tumbo yangu."

Alikuwa ameamua kusema uongo, na tusimlaumu. Mwenyekiti wa kamati aligonga meza, akasafisha koo, akauelekea mfuko. "Kodi mukudziwa chiyani?" Maana yake, je, unajua nini?

"Ajalipa," ulisema mfuko. "Tumbaku ya Mponela, ajalipa. Malori tatu, ajalipa. Manyumba ya kupangisha, ajalipa. Mi nililipa myezi tatu, kila siku, ata sijue nililipia nini."

Kamati ilimgeukia Mulenda. Alifungua kinywa aseme kwamba mfuko unamsalimu Mheshimiwa na familia yake. Akamkumbuka mlinzi wa lango, muuza nyanya, na sarafu alizozitoa kwa mikono miwili huku akiinamisha kichwa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwasha. Alitafsiri yote, tumbaku, malori na nyumba. Ile miezi mitatu aliitafsiri mara mbili.

Hakuna aliyeshtuka. Mwanasheria wa kamati alisema ushahidi wa mfuko unakubalika, maana mfuko huona kinachoingia na kinachotoka. Ila mfuko ulikuwa umefanya kazi ya kutoa taarifa bila kusajiliwa. Kwa kuwa ulishonwa kwenye koti la raia, ulisajiliwa palepale na kupewa namba ya mlipakodi, kazi ya robo saa. Mheshimiwa naye alieleza kwamba tangu Jumatatu anamtunza huyo shahidi, anambeba kila aendako, na hana kipato. Wajumbe walinong'onezana. Waliuandika mfuko kama mtegemezi wake, na kwa mujibu wa kanuni za wenye wategemezi, kodi ambayo Mheshimiwa alikuwa halipi ikapunguzwa.

Mkalimani alipewa bahasha ya posho. Juu yake karani aliandika kiasi, na chini yake kiasi kidogo zaidi, na katikati maneno: *kodi ya mapato, imekatwa*.

Mulenda aliyasoma mara tatu. Kisha alipanda ngazi mbili mbili, Antoinette akimfuata kwa kushika ukuta.

"Madamu Nasibeko, nimelipa! Hii hapa. Nipe risiti, nipe mashine yangu."

Madamu alivua miwani, akaisoma bahasha, akaivaa tena.

"Hujalipa, baba. Umekatwa."

"Kuna tofauti gani?"

"Mwenye namba analipa. Asiye na namba anakatwa. Risiti ni ya aliyelipa."

"Na ule mfuko uliokuwa wangu?"

"Ule una namba. Ukilipa, utaletewa risiti yake."

Cherehani ilikuwa nyuma yake, karibu na dirisha. Mtu alikuwa ameweka juu yake chungu cha maua, na maua yalikuwa yamemwagiliwa vizuri. Mulenda alitaka kulia, akaona haya mbele ya maua. Madamu Nasibeko alimpa Antoinette kiti na maji baridi. Walikunywa, wakashukuru, wakashuka.

Minibasi ya kwenda Dowa ilijaa mapema. Mama mmoja aliyepakata kuku wawili alisogea ili Antoinette akae vizuri na tumbo lake, kisha, kwa sababu ni watu wenye adabu, akamgeukia Mulenda.

"Kodi mukupita kuti, bambo?" Mnakwenda wapi, baba?

"Amelipa," ulisema mfuko wa kushoto wa suruali.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya mwenzake, lakini haikuwa na mafua.

"Zikomo," alishukuru mama wa kuku, akidhani amejibiwa.

Kondakta naye akauliza wanashukia wapi, na mfuko ukamwambia amelipa. Kondakta alisema nauli bado, akanyoosha mkono, na Mulenda akampa kutoka kwenye ile bahasha.

Antoinette alichomoa kile kibanio cha nguo kwenye pindo la kitenge chake. Alikitazama muda kidogo, akakirudisha mahali pake.

"Acha iseme," alisema.