Mgema wa Nyumba Namba Kumi na Moja

Asubuhi hiyo Breki aliamka na hasira, akapiga mswaki na hasira, akafika nazo kazini zote bila kupunguza hata punje. Jina la Breki alibandikwa na wenzake. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni wanaoendesha pikipiki za magurudumu manne ndani ya shamba la mpira, na neno alilolitamka kuliko lolote kwa siku ni hilo: breki, jamani, breki! Mgeni anaweza kuwa hakimu au daktari wa meno huko kwao. Mpandishe kwenye ile mashine, mfunge helmeti, na akili yote inamhamia kwenye dole gumba la kusukumia mafuta. Breki alikuwa ameshawatoa wengi mitaroni, na wote waliapa kwamba mtaro ndio uliowafuata.

Lakini hasira za leo hazikuwa za wageni. Kwa wiki mbili alikuwa amepangiwa njia ya mtoni, akashukuru. Leo mwenzake kaugua, naye akarudishwa njia ya kambi, ile inayopita mbele ya nyumba ya mama yake. Juu ya hayo, meneja wa ziara alikuwa ameamua kupanda mashine ya mwisho ili ajionee mwenyewe mambo yanavyokwenda.

"Tabasamu kidogo, Breki," meneja alimwambia wakati wageni wakijaribisha helmeti. "Watu wamekuja kufurahi."

Breki alionyesha meno. Kama hilo lilikuwa tabasamu, basi hata mbwa wa getini alikuwa akitabasamu kila gari lilipopita.

Wageni walikuwa wanane. Mbele kabisa alikaa bwana shamba mstaafu, mzee mwembamba aliyekuja na mke wake, na ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza maswali yasiyo kwenye ratiba: miti ina umri gani, inagemwa kila baada ya siku ngapi, mbolea inatoka wapi. Breki alimpenda papo hapo, maana wengine wote walikuwa wameuliza choo kiko wapi.

Wakaondoka. Barabara ya udongo mwekundu iliingia katikati ya miti, mistari kwa mistari, kila mti umefungiwa kikombe chake kiunoni. Mashine tisa nyuma yake zilinguruma na kutimua vumbi, na vumbi lile lilikwenda kutua pale pale lisipotakiwa, kwenye vikombe vya utomvu. Mgema mmoja aliyekuwa akikusanya alivua shati lake akafunika ndoo, akasimama kifua wazi mpaka msafara ukapita. Mgeni wa tatu alimpungia mkono. Mgema hakupunga.

"Breki!" alipaza sauti kwenye kona, na moyoni alitamani wapitilize wote.

Mama yake alikuwa amegema katika shamba hilo miaka ishirini na tisa. Kugema mpira si kuchanja ovyo. Kisu kinapita mshazari kwenye gome, kinaondoa utepe mwembamba kama ukucha, kinaukaribia mti wenyewe ulio chini ya gome lakini hakiugusi. Ukiugusa umeujeruhi. Gome haliponi sawasawa, linaota manundu, na upande ule hautoi kitu cha maana miaka mingi. Kila mgema ana majeraha yake, mengine ya haraka, mengine ya usingizi wa alfajiri. Mama yake hakuwa na hata moja. Wasimamizi waliwaleta wagema wapya waje wamtazame mkono, na kambi nzima ilimheshimu kwa hilo.

Alipostaafu, kampuni ikaitaka nyumba namba kumi na moja, vyumba viwili na jiko la nje, ambamo alimzaa Breki na kumuuguza mume mpaka mwisho. Breki ndiye aliyekwenda kwa meneja kubembeleza. Alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Meneja akakubali kwa sharti: mama abaki, ila kila ziara ikipita asimame mbele ya nyumba, awagemee wageni mti mmoja, wapige picha. Breki alitoka ofisini akishukuru kwa mikono miwili. Baadaye alipoona jinsi maonyesho yenyewe yalivyo, alitamani azimeze zile asante zote.

Maana walimvisha aproni yenye picha ya mti unaocheka. Walimwambia ageme saa nne asubuhi, jua limeshapanda, saa ambayo hakuna mgema mwenye akili anayeshika kisu, kwa kuwa utomvu hutoka vizuri alfajiri. Na mama naye, badala ya kununa, alichekacheka na kila mtu. Hilo ndilo lililokuwa likimkata Breki maini. Meneja ni meneja, huwezi kumdai haya. Lakini mama!

Walipofika, mama alikuwa tayari ameshasimama kando ya mti, kisu mkononi, aproni imenyooshwa kwa pasi.

"Karibuni wageni wangu," alisema, na tabasamu lake likafika kila kona.

Breki alishuka akaanza kukariri maelezo aliyoandikiwa. Wagema wetu ni familia moja. Shamba ni nyumbani kwao. Alikariri kwa haraka kama mtoto aliyetumwa kusema samahani. Meneja alikunja mikono kifuani akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama akakata. Mkono ulikwenda kutoka kushoto juu hadi kulia chini, bila kusita, bila kurudia, na utepe wa gome ukaanguka wote kwa pamoja. Wageni wakapiga makofi. Utomvu mweupe ulijitokeza, ukajaa kwenye mfereji, kisha ukafurika nje yake ukateremka na shina. Hapo Breki akakodoa macho. Utomvu haufuriki hivyo mti ukikatwa inavyotakiwa. Akasogea. Chini ya ule weupe aliona mti wenyewe, mbichi, umepasuliwa kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

Aligeukia mti wa jirani. Jeraha lile lile, limeshakauka na kuwa la kahawia. Na wa pili yake. Alihesabu kwa macho mpaka kwenye uzio: miti sita, na huu wa saba.

Wageni walipokuwa wakigawiwa maji, alimshika mama yake kiwiko akamvutia nyuma ya jiko.

"Mama, macho yako yana nini?"

"Yana nini kwani?"

"Umefika kwenye mti!"

"Nimefika," mama alisema. Lile tabasamu lilikuwa limebaki kule mbele. "Macho yangu mazima. Kufika kwenyewe kunataka macho."

"Na ile mingine sita?"

"Kila ziara na mti wake. Bwana wenu leo kasimama hapo, katazama, kapiga makofi na wengine. Hajui gome wala mti. Wale wasimamizi wanaojua aliwaondoa mwaka jana, akaleta watu wa kupiga picha."

Breki alikiachia kile kiwiko. "Mama, umechanganyikiwa? Nimembembeleza yule mtu miezi mitatu uendelee kukaa humu. Wakijua, watakutoa!"

"Watanitoa mara ngapi?"

"Una maana gani?"

Mama alimtazama kama anayetafuta kitu usoni pake. "Ile bahasha uliyoniletea."

Breki aliikumbuka. Siku kumi zilizopita meneja alimpa bahasha iliyofungwa, akasema mpelekee mama, ni mambo ya mkataba. Alipita jioni akiwa juu ya mashine, injini inaunguruma, akamkabidhi mlangoni akaondoka. Hakutaka kushuka. Aproni ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, naye hakutaka kuiona.

"Wanasema nyumba inahitajika," mama alisema. Aliisema barua kwa kichwa, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. "Watajenga vyoo vya wageni na mahali pa kubadilishia nguo. Nitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu chini wameandika kwamba maonyesho ya ugemaji yataendelea kama kawaida, nije nikitokea huko nitakakokuwa nimehamia."

"Sikujua, mama. Haki ya nani, sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na wewe ndiye uliyeileta? Hukushuka hata kwenye hilo dude lako. Nikajisemea, mwanangu anajua, anaona aibu. Nikanyamaza nisikuongezee."

Kwa siku kumi Breki alikuwa akimkasirikia mama kwa kuchekacheka, na kwa siku zizo hizo mama alikuwa akimsitiri yeye. Alijikasirikia vibaya mno, hasira za kutaka kujizaba kofi mwenyewe.

"Hebu njooni hapa!" sauti iliita kutoka barabarani.

Alikuwa bwana shamba mstaafu. Alikuwa amevaa miwani yake na kuinamia mti wa tano, anapitisha kidole kwenye jeraha. "Nani amefanya hivi? Miti hii imeharibiwa. Yote hii. Mnagemaje namna hii?"

Meneja alikuja mbio. Alitazama mti, akamtazama mzee, akatazama tena mti. Ilikuwa dhahiri haoni kitu. "Imeharibiwa vipi?"

"Imekatwa hadi ndani. Upande huu umekwisha kazi. Huyu aliyekata ama hajui, ama anajua sana."

Meneja aligeuka. Mashavu yalikuwa yamemtuna. "Nani amekata miti hii?"

Breki hakungoja. "Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi, bosi. Nilikuwa nakuja jioni kujaribu kisu. Mama hana habari. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, yeye muache."

Meneja alivuta pumzi ili aanze, na mdomo ulikuwa umeshakaa tayari kwa maneno makubwa. Lakini mama alimpita kwa bega, akasimama katikati yao na kisu chake.

"Mwongo huyo," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Nyamaza. Usinichukulie kazi yangu." Akawageukia wageni, wote wanane, chupa za maji mikononi. "Huyu nilimfundisha kugema miezi sita. Miezi sita! Mkono mzito kama mchi. Aliacha mistari imepinda huku na huku mpaka nikamnyang'anya kisu nikamwambia katafute kazi ya kuendesha. Leo aniambie hii ni yake? Baba, wewe unayejua, hebu tazama. Wa kwanza mpaka wa saba, mshazari mmoja, kina kimoja. Kuna mahali nimeteleza? Kuna mahali nimerudia?"

Bwana shamba aliutazama mti wa tano, akaenda kwa wa sita, akaenda kwa wa saba uliokuwa bado unavuja. Alichukua muda wake. Mke wake alimfuata nyuma.

"Hapana," alisema hatimaye. "Hakuna."

"Umesikia, bwana mkubwa? Ni mimi. Na nilikuwa na akili zangu zote."

"Lakini kwa nini, mama?" Meneja alilainisha sauti kwa ajili ya wageni. "Sisi tumekulea vizuri hapa."

"Umenilea?" Sauti ya mama ilipanda kwa mara ya kwanza, na majirani wawili wakatokeza vichwa madirishani. "Mimi nilikuwa nagema hapa wewe hujui kufunga kamba za viatu! Unayo nakala ya barua yako, isome mbele ya wageni wako. Soma wasikie watakwenda haja kwenye chumba cha nani."

Meneja hakusoma. Alimgeukia Breki, akamwambia kwa meno yaliyoumana, "Pandisha wageni. Sasa hivi. Mengine tutayamaliza ofisini."

Wageni walimtazama Breki wakingoja neno lake, kama walivyozoea tangu asubuhi. Naye alizivua glavu, moja baada ya nyingine.

"Nimewadanganya," aliwaambia. "Si mimi niliyekata, na ni kweli mkono wangu ni mzito. Aliyekata ni mama yangu, huyu. Katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kuujeruhi hata mti mmoja. Hii saba ameijeruhi kwa sababu anatolewa ndani ya nyumba hii, na barua ya kumtoa nilimletea mimi, kwa mkono wangu huu, nikiwa nimekaa juu ya mashine."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana shamba alivua helmeti akaishika kifuani, na mgeni mmoja aliyekuwa akipiga picha akairudisha simu mfukoni.

"Kazi huna," meneja alisema. "Umesikia? Kazi huna kuanzia leo."

"Nimesikia."

Mama alikuwa ameshaondoka kati yao. Alipangusa kisu kwenye ule mti unaocheka wa aproni, mbele na nyuma, akaenda mpaka kwenye mti wa nane, mti mnene ambao haukuwa na alama yoyote upande ule. Aliupapasa gome kwa kiganja kama alivyoupapasa kila asubuhi ya maisha yake ya kazi, akitafuta pa kuanzia.

"Mama! Acha!" meneja alipaza sauti. "Nakwambia acha!"

"Mwezi haujaisha," mama alimjibu bila kugeuka. "Na wageni bado wapo. Maonyesho yanaendelea kama kawaida, si ndivyo ulivyoandika?"

Kisha akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mtu wa kazini aliyelijua, akamwambia alete kikombe. Breki alikifungua kwenye mti wa saba, akaja akakishika chini ya gome, na mama akakata.