Marinda ya Meneja

Wewe uliiona picha adhuhuri hii kwenye simu yako, ukaipenda kwa kidole gumba, ukapita. Usikatae. Ulimwona meneja Kiptum, mtoto wetu wa Roret, amevaa kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti, marinda yamelala sambamba kama mistari ya majani chai. Ukasema kijana amependeza. Mkono ulioyalaza yale marinda hukuuliza ni wa nani.

Ni wa Chelimo, dobi wa klabu ya shamba la chai.

Asubuhi shamba likijiandaa kusherehekea miaka mia, kilti ilikuwa mezani mbele yake, makunyanzi matupu. Mzungu wa kwanza aliiacha sandukuni, na mameneja wakairithishana pamoja na vingine vyote ambavyo havikuwa vyao. Nguo hiyo huitumbukizi majini, itarudi iwe fupi. Chelimo aliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akalikunja kila rinda kwa kufuata mstari wake mwekundu, akalishikiza kwa uzi mweupe lisihame. Kisha kitambaa juu, na pasi. Aliikandamiza tu na kuinua. Ukiiburuta, sufu inang'aa kama goti la suruali kuukuu. Rinda lililokaidi alilipulizia maji kwa mdomo, fuu, yakatua kama ukungu. Ndivyo madobi wote wafanyavyo.

"Chelimo! Unamtemea nani baraka?"

Mamake, Kogo Tapkigen, kogo yaani nyanya, alikuwa nje ya geti la nyuma, hatua chache kutoka dirishani, kibuyu cha maziwa kwapani. Kwetu mzee akikutakia mema hukutemea mate kifuani. Huo ndio muhuri.

"Mama, ni maji tu."

"Maji yaliyopita mdomoni mwako. Mimi nilikutemea wewe siku ya kuolewa. Sasa wewe unamtemea huyo."

Chelimo alijua kilichomleta. Pale wageni walipopigiwa mahema, palisimama mabwaita ya babu yake, zile nguzo za sala mbele ya mlango. Shamba lilipopanuliwa, Tapkigen alitolewa hapo akiwa mgongoni mwa mamake, nyumba ikiwaka nyuma yao. Sasa amezeeka. Alitaka kumwaga maziwa hapo, basi, arudi kwake.

Geti lilikuwa wazi kwa jamii, walisema. Lakini mzee angeingia tu akiwa na mfanyakazi wa kusema "huyu ni wangu." Na Kiptum alishawaambia wafanyakazi: mwenye watu wa kudai ardhi ajitafutie nyumba kwingine.

Ouko, askari wa geti, alisogea dirishani. "Dada, huyu kogo anasema ana mtu hapa. Ni wako? Sema tu, nifungue. Mimi sina maneno."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Kiptum aliingia na kaptura, soksi zimefika magotini. "Chelimo! Sketi yangu iko tayari, ama nitoke na hizi miguu za kuku?" Alicheka, halafu akatazama nje. "Na huyo ni nani?"

Mvuke ulipanda kutoka kwenye kitambaa.

"Simjui," Chelimo alisema.

Ouko alimtazama, akamtazama kikongwe. Paji la uso la wote wawili lilikuwa moja. Akainamisha macho kwenye buti zake.

Tapkigen ndiye aliyemwokoa. "Hanijui, kijana. Nimepotea njia tu. Naenda Kapkatet, hospitali." Akamtabasamia hata meneja. Mama amfichie mwanawe aibu ya kumkana! Wewe ungeweza?

Chelimo alikata nyuzi nyeupe. Hakuna rinda lililohama. Kiptum alizunguka, kilti ikafunguka na kujifunga. "Mungu akubariki sana, mama," akamwambia, akaenda kupigwa picha. Chelimo alisugua mdomo kwa mkono wa sweta mpaka ukauma.

Hotuba zilipoanza alikwenda getini. Mamake alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, ng'ambo ya barabara.

"Mama."

"Rudi kazini. Watakuona."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetukana.

Chelimo alimgeukia Ouko. "Ni wangu. Huyo ni mamangu. Fungua."

"Wee dada..." Ouko alionyesha kufuli, mikono mitupu. "Meneja amechukua ufunguo. Nafikiri alijua tu."

"Ni wangu!" Chelimo alipaza sauti kuelekea mahemani, vidole vimeshika waya. "Ni mamangu!" Muziki ulikuwa juu. Kofia za wageni hazikugeuka. Ng'ambo, kikongwe aliinua uso kwa mara ya kwanza, akahamishia kibuyu kwenye goti lingine.

Bado wako hapo, mmoja ndani, mmoja nje. Usiniambie ni siasa. Inuka, nenda mbele ya wageni ukamdai Kiptum ufunguo. Leo, sasa hivi, mama huyu akiwa bado anaweza kusimama.