Baba Yake Nyamburi

Jua la saa nne lilikuwa limewaangukia dagaa walioanikwa kwenye nyavu za mwalo wa Bukima, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, wakang'aa hata Flora asijue maji yanaishia wapi na mchanga unaanzia wapi. Kichwa kilikuwa chepesi, kama yumo ndotoni. Lakini hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya ndotoni. Jana jioni, bodaboda alipomletea kitabu cha sita, cha mwisho, kutoka Musoma mjini, Flora alifanya kosa ambalo msomaji mwenye adabu zake hafanyi: alianzia ukurasa wa mwisho.

Kwa miaka mitatu, tangu amalize kidato cha nne, alikuwa akiwasomea wanawake wa mwalo huku wakigeuza dagaa. Vitabu vilimhusu Nyamburi, msichana wa sekondari anayemtafuta baba yake aliyepotea ziwani. Ni vitabu vyembamba vya vijana, ndiyo, lakini mambo matamu hayaulizi umri. Watu wenye wajukuu walikosana wiki nzima kwa sababu yake. Mmoja wao, Stellah, aliapa kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyemficha mzee wa watu.

Pelagia hakubishana na yeyote. Mumewe, Werema, alikwenda kuvua miaka minne iliyopita, mtumbwi ukarudi peke yake. Kwao, mwili usipoonekana huzikwa mgomba badala yake, matanga yakaanuliwa, mjane naye akapumua. Pelagia alikataa katakata, na kila siku alimtengea mumewe ndoo ya maji ya kuoga. Baba mkwe alipokuja mara ya tatu kuomba ruhusa ya kukata mgomba, alimjibu, "Baba, ngoja kwanza nione huyu mtoto atampataje baba yake. Kitabu kikiisha nitakwambia." Mzee alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Na sasa kitabu kilikuwa kinaisha. Flora alisoma polepole, akiomba mvua, akiomba hata ng'ombe wapite juu ya dagaa. Wapi! Ukurasa wa mwisho ukafika. Pelagia aliacha kugeuza, magamba yakimmetameta mikononi.

"Soma, mdogo wangu."

Flora alimpenda mno yule mwanamke. Akafumba kitabu nusu, akaanza kutunga. "Kule kisiwani, Nyamburi akaona moshi. Akamwona mtu mwembamba, ndevu zimemjaa, anachoma samaki..."

Pelagia alisimama. Uso ulimfunguka kwa furaha ambayo Flora hakuwahi kuiona kwake, na furaha ile ikamtisha. Akilini alimwona akiwa bibi kizee, mgongo umepinda, bado anabeba ile ndoo.

"Samahani," akasema, machozi yakimlenga. "Nimekosea. Imeandikwa hivi: Nyamburi akaamka. Baba yake alikuwa jikoni anakunywa chai. Kumbe yote yalikuwa ndoto. Mwisho."

Mwalo ulilipuka.

"Ndoto?" Stellah akafoka. "Miaka mitatu sisi tunahangaika, kumbe mtoto amelala? Huyo mwandishi aletwe hapa ageuze dagaa, atajua ndoto ni nini!"

Alikuwa na haki. Kumpeleka msomaji mbali kiasi hicho, kisha kumwacha njiani, ni uvivu mtupu.

Pelagia alinyoosha mkono, akapewa kitabu. Alipitisha kidole kwenye mistari ile mitatu, akairudia.

"Si mwandishi mwenyewe ndiye aliyemtunga huyu baba?"

"Ndiye, dada."

"Na hata yeye hajui alikopotelea."

"Hajui."

Pelagia alimrudishia kitabu, akageukia ziwa. Maji yalikuwa yametulia, meupe. "Mimi nilikuwaga nadhani kuna mtu anajua," akasema, "ila hataki tu kuniambia." Kisha akarudi kwenye wavu wake, akageuza dagaa mpaka mwisho, maana dagaa hawasubiri uchungu wa mtu. Alipomaliza akajifunga kanga upya.

"Nisindikize kwa baba mkwe, Flora. Akate huo mgomba."

Walizika kabla jua halijazama, mgomba umevikwa shati la Werema. Flora alilia kuliko wafiwa. Pelagia aliingia ndani akatoka na ile ndoo aliyomtengea mumewe asubuhi, akaiweka mlangoni, na watu waliotoka kaburini wakanawia mikono humo, mmoja mmoja, mpaka maji yakaisha.