Akiba Haiozi

Doña Eufemia alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati la mtambo wa simu wa Quebrada Seca, kwa kitambaa kikavu, bila kugusa waya, kama alivyofundishwa na marehemu mumewe. Injinia Ledezma akaingia na buti zake za matope kuja kuchukua kadi ya akiba.

"Leo? Na mvua hii?"

"Mkaguzi atakuwa San Lucas kesho, mama. Lazima aikute kule. Akija huku, nitaituma kwa basi imtangulie."

Ndivyo ilivyokuwa pwani ile yote. Kila mtambo ulipangiwa kadi mbili za saketi: moja ifanye kazi, ya pili ikae kando ikisubiri, ili ya kwanza ikifa mwenzake ashike papo hapo na anayeongea asijue kitu. Mpango ulikuwa mzuri. Ila kadi ya akiba iliyonunuliwa ilikuwa moja tu, na mitambo ilikuwa mingi, basi ikawa inasafiri mbele ya mkaguzi, imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto.

"Hii ya kazini inakohoa," alisema Eufemia. "Taa inapepesa tangu juzi. Na binti yangu Nohemí yuko El Achiote, ng'ambo ya mto, uchungu umemshika tangu asubuhi. Mambo yakiharibika, mkunga atampataje daktari?"

"Mwombe Mungu, mama."

"Mungu hana kadi, mwanangu."

Ledezma akacheka, akaondoka na blanketi lake kwapani. Kabatini likabaki pengo, kama la jino lililong'olewa.

Mvua ikazidi. Mto ukaanza kunguruma, na habari ikaja kwamba daraja halipitiki. Eufemia akavuta kigoda akaketi mbele ya taa. Ilipogeuka njano, alisikia harufu ya tumbaku, na Tiburcio akaingia kwa mlango wa nyuma bila kufuta miguu, kama kawaida yake. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, mkono mmoja wa koti ameshaukunja.

"Umechelewa," mkewe akamwambia.

"Makaburini kumejaa maji, Femia. Njia mbaya."

"Kadi wameichukua."

"Hata nilipokuwa hai haikuwa ikikaa hapa."

Akaingiza mkono kwenye pengo hadi kifundoni. Muda si muda kadi ya kazini ikazimika, ikanuka kama sukari iliyoungua. Taa ya upande wa Tiburcio ikawaka kijani. Eufemia akanyanyua simu ya majaribio ukutani, akasikia sauti ya mkunga ikimwambia daktari kwamba mtoto anatanguliza miguu.

"Usisikilize simu za watu," alisema Tiburcio.

"Ni mjukuu wako huyo."

"Basi sikiliza."

Daktari alieleza, mkunga akawa anarudia kila neno kwa sauti, na Nohemí akilia nyuma yake. Kisha kukawa kimya. Eufemia akatazama taa. Ilikuwa bado kijani. Ndipo kitoto kikalia.

"Wa kike," alisema, akijifuta macho kwa kile kitambaa.

"Mkono umekufa ganzi."

"Utoe basi, upumzike."

"Nikiutoa, wanakatika."

Njia zilipofunguka, mkaguzi alifika na Ledezma. Akainama kabatini, akamnusa Tiburcio begani.

"Hii ndiyo akiba?"

"Ndiyo, bosi. Imeshashika."

"Akiba haiozi," alisema mkaguzi, akaweka alama yake. "Mzee, sogea kidogo, mlango wa kabati haufungiki."

Tiburcio akasogea. Kwa kuwa mtambo ulionekana mzima, kadi mpya haikuagizwa. Ile ya kwenye blanketi ikaendelea na safari zake. Eufemia alimletea mumewe kahawa kila asubuhi na kumpangusa vumbi mabegani pamoja na kabati. Nohemí alikuja na mtoto, babu akambariki kwa mkono wa kushoto.

Kisha Ledezma akarudi na rula yake kupanga mwaka unaofuata.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Kinachofanya kazi lazima kiwe na akiba yake."

Alimtazama Tiburcio, halafu akaitazama mikono ya Eufemia.

"Afya yako vipi, mama?"

"Nzuri tu."

"Na mikono?"

"Bado ina joto."

"Hatuna haraka," alisema Ledezma kwa upole. Akaichomoa ile kadi iliyoungua, akapuliza vumbi kwenye nafasi yake, akaiacha wazi.