Mtahiniwa wa Pili

Mambo yaliharibika Jumanne tarehe kumi na nne Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, pale karatasi ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo cha kompyuta, katikati ya ratiba ya maktaba na tangazo la mwavuli uliopotea. Kabla ya dakika hiyo Mzee Funguo alikuwa mlinzi wa geti kuu. Baada yake alikuwa mwizi wa mitihani.

Karatasi, iliyoandikwa na mashine ya kusimamia mitihani, ilisema: "Mlinzi wa geti kuu alifanya mtihani wa Usalama wa Kompyuta akisaidiwa na mtu wa pili aliyekuwamo chumbani. Jinsia: mwanamke. Umri: hamsini na kitu. Tabia: mkali. Matokeo yamezuiwa. Ikithibitika, atapoteza kazi."

Mzee Funguo aliisoma mara tatu, kidole kikifuata maneno. Jinsia, sawa. Umri, sawa. Kwenye tabia mashine haikukosea hata nukta. Ila mwanamke huyo alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

Mtihani wenyewe uliletwa na wakubwa, maana wakubwa wakikosa kazi ya kufanya huwatafutia wadogo. Wezi wa mtandaoni walikuwa wameingia kwenye kompyuta za chuo wakaondoka na mitihani ya mwaka mzima. Aliyewafungulia mlango ni nani? Mkurugenzi mwenyewe, aliyebonyeza ujumbe wa kumwambia ameshinda safari ya meli. Kabonyeza yeye, wakaadhibiwa wote. Kuanzia mhadhiri mpaka mfagizi, kila mtu akaambiwa afanye mtihani nyumbani kwake, kwenye kompyuta ya kuazimwa, akisimamiwa na akili bandia.

Mzee Funguo alikuwa na meno bandia matatu, kwa hiyo vitu bandia alivijua. Vinakaa mahali pa vya kweli, vinang'aa kuliko vya kweli, lakini havijui chai ya moto ni nini.

Sasa, tangu mkewe afariki, mzee huyu alikuwa na mazoea yake. Akisema neno ndani ya nyumba, alijijibu kwa sauti ya mkewe. Hakuwa mwendawazimu, alijua fika nani anasema. Lakini kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuuliza kitu nyumbani mle akakosa jibu, na kimya alikiona ni utovu wa adabu. Basi akawa anauliza kwa sauti nene, anajibu kwa sauti nyembamba, na maisha yanakwenda. Siku za mapumziko mazungumzo hayo yalimkausha koo. Geti ndilo lililomwokoa. Pale alisalimiana na watu mia tisa kwa siku, na wote walijijibia wenyewe.

Kwa hiyo siku ya mtihani alikaa mezani, akasoma swali la kwanza.

"Mtu anakupigia simu, anasema yeye ni bosi wako, anataka neno lako la siri. Utafanyaje? Mama watoto, mimi nampa. Bosi ni bosi."

"Bosi gani anayekupigia simu wewe?" sauti nyembamba ikamjibu. "Miaka ishirini na miwili pale getini, nani kawahi kukuuliza hata umeamkaje? Huyo ni tapeli. Kata simu!"

Akaweka alama kwenye "Kata simu".

"Neno la siri zuri lina sifa gani? Naona tuweke tarehe yangu ya kuzaliwa."

"Ambayo wewe mwenyewe unaisahau? Liwe refu, lenye mchanganyiko, lisiloeleweka na mtu. Kama maelezo yako ukichelewa kurudi."

Wakaendelea hivyo mpaka swali la ishirini, mwanamke akikemea, mwanamume akiweka alama. Maswali mawili tu ndiyo mzee alimtangulia kwa jibu sahihi. Kumbe mashine inasikiliza yote, kama jirani.

Ndiyo maana Jumanne ile, baada ya kusoma karatasi, aliitwa ofisini. Ndani alimkuta Mkurugenzi, mtu mnene mwenye tai fupi, na kijana mtunza mashine waliyemwita Mtaalamu.

"Mzee," Mkurugenzi alianza, "huyo mwanamke ni nani?"

"Mke wangu, bosi."

"Basi mlete hapa tumhoji."

"Kumleta siwezi. Kwenda kwake inawezekana, na sote tutakwenda, ila mimi sina haraka."

Mtaalamu akamnong'oneza Mkurugenzi sikioni.

"Ah, pole sana. Amefariki lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Na mtihani ulikuwa?"

"Wiki iliyopita."

Mkurugenzi akaandika tarehe zote mbili, akazipigia mstari, akazikodolea macho kana kwamba mojawapo itakiri.

Mzee Funguo akaeleza mazoea yake huku anatazama viatu vyake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Jambo la ndani kwake sasa lilikuwa limebandikwa ubaoni, jirani na mwavuli. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mkewe hakuwepo, na lake lilikuwepo tena kwa wino mweusi.

"Tumpime, bosi," Mtaalamu akasema. "Shikamoo mzee, samahani lakini. Nawasha mashine, nakuuliza swali, na wewe ujibu kama nyumbani." Akabonyeza. "Umepata ujumbe kwamba umeshinda safari ya meli. Utafanya nini?"

Mzee, maana kazi ni kazi, akageuka upande.

"Mama watoto, tumeshinda safari ya meli."

"Meli? Wewe uliyetapika kwenye bembea?" Sauti ilitoka kali, mpaka kikombe cha Mkurugenzi kikatikisika kwenye sahani yake. "Futa upuuzi huo. Mjinga gani anabonyeza kitu kama hicho?"

"Mama, ule ujumbe ulikuwa na nembo!" Mkurugenzi akaropoka.

"Hata chupa ya sumu ina nembo!"

"Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nimechoka..."

"Umechoka na nini, na barua zako zote anaandika katibu? Ukakosa wewe, ukaenda kumtahini mume wangu! Kaa vizuri nikisema na wewe!"

Mkurugenzi akakaa vizuri. Akafunga na kifungo cha koti.

Mashine ikalia. Kwenye kioo pakatokea maandishi: *Watu wanne chumbani.*

"Tuko watatu," Mtaalamu akasema taratibu.

"Si mmeona sasa?" Mzee Funguo akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mashine yenu imekosea. Nirudishieni geti langu."

Mkurugenzi akafungua kitabu cha kanuni. "Haiwezekani. Kanuni ya tisa: taarifa ya mashine haibadilishwi na binadamu."

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Basi ibadilishe."

"Mimi si binadamu... yaani, mimi ni binadamu, ndiyo maana siwezi."

Ikabidi waifuate mashine ilikowapeleka. Mashine ilikwisha kuhesabu nani alitangulia kusema jibu gani: mtahiniwa wa kwanza, majibu sahihi mawili, mtahiniwa wa pili, kumi na nane. Na kanuni ya kumi ilisema geti lishikwe na aliyefaulu. Kabla mtu hajafumbua mdomo, kichapishi cha pembeni kikakohoa, kikatoa barua. *Ndugu Mtahiniwa wa Pili, hongera. Umeteuliwa kuwa mlinzi wa geti kuu. Utaripoti Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Anayetoka atakukabidhi funguo siku ya Ijumaa.*

Mkurugenzi akaisoma, akaisaini. Wakubwa hawawezi kuiona karatasi yenye nafasi ya sahihi wakaiacha.

Ijumaa ikafika. Mzee Funguo akamwaga funguo mezani: za geti, za ghala, za maabara, hamsini na tatu, pamoja na moja ambayo hakuna aliyejua ya wapi. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mistari miwili. Kwenye "Aliyekabidhi" akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayejichimbia kaburi. Mstari wa "Aliyepokea" ukabaki mweupe.

Mtaalamu akaitazama fomu, akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akalegeza tai, akageukia kona ile tupu karibu na kabati la mafaili, akainama kidogo kwa heshima.

"Mama," akasema, "samahani kwa yote. Lakini hiyo Jumatatu asubuhi, wanafunzi mia tisa wakiwa nje, geti atafungua nani?"