Mwasumini Uliomeza Dirisha

Mkunga mstaafu alipofungua geti la nyumba ya wazazi wao, ilimbidi ainame kama mtu anayeingia bandani. Michongoma ilikuwa imepita kimo cha ukuta, mawaridi yamekuwa kichaka, na mwasumini umelimeza dirisha lote la sebuleni. Katika nyumba hiyo ndimo kaka yake alimoishi miaka sita, kwanza akimtunza mama yao, kama mwenyewe alivyopenda kusema, na tangu mama afariki mwaka jana akijitunza mwenyewe.

Ndugu walimwita Profesa, ingawa chuo alikifahamu kwa kukipita barabarani. Alikuwa kibarazani, miguu juu ya stuli. Akamweleza dada yake kwamba bustani haikutelekezwa, imeachwa ipumue; mimea ina akili zake, na mwenye busara haiingilii.

Mkunga alimwacha amalize. Miaka thelathini ya kuzalisha ilimfundisha kwamba mwenye kelele nyingi mara nyingi si mzazi, ni mume. Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkasi mkubwa na msumeno, akaanza.

Alipogoa toka asubuhi. Matawi makavu yalivunjika kwa mlio mtamu, na kila lililoanguka lilimwachia kipande cha anga. Hakukumbuka lini mikono yake ilifurahi vile. Profesa naye hakuwa mchoyo: alitoa ushauri. Aanzie juu. Akate kwa mshazari. Lakini kunyanyuka, hakunyanyuka hata kidogo.

Mchana akaufikia mwasumini. Akakata shina, akavuta, na pazia zima la majani likaporomoka. Jua likaingia sebuleni mpaka kwenye kiti cha mama.

Mkunga akasimama, mkasi mkononi. Mwaka mzima wa mwisho wa uhai wa mama yao, Profesa aliwapigia ndugu simu kwamba macho ya mama yamekufa, kila siku analalamika giza. Yeye, kwa kuwa alikuwa mbali, akawa anatuma dawa ya matone kila mwezi. Mama akatiwa matone, akashikwa mkono kama kipofu.

"Mama alikuwa anaona," alisema.

"Alikuwa analalamika giza, dada. Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo, na hilo nitalibeba. Lakini giza lilikuwepo, na wewe ulikuwa umelikalia."

Mkunga akamwonyesha rundo la matawi kwa ncha ya mkasi, akamwambia ayaburute hadi nje ya geti. Profesa akateremka ngazi tatu za kibaraza kwa uangalifu, kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana, akashika tawi moja kwa vidole viwili.

Jirani alipopita na kuisifu kazi, Profesa alijifuta paji la uso lililokuwa kavu, akasema, "Tuliona tupogoe kidogo."

Mkunga alimsikia, wala hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye mawaridi, anatafuta kwenye tawi jicho zima, pale chipukizi linapotokea, akate juu yake, na alilipata.