Sahihi ya Saa Kumi

Saa kumi na moja alfajiri Kalekye alikuwa ameshavuka barabara kuu, mwanawe Ndanu mgongoni, begi la shule kifuani. Mtoto wa miaka sita si wa kubebwa hivyo, lakini matope ya mtaa wao wa Kangemi yangemfikisha Lavington na soksi za kahawia, na Mama Jeremy hataki matope kwenye geti lake.

Geti hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kanisa lilimlipia Ndanu karo katika shule moja ya Parklands. Nauli ya basi la shule ilikuwa juu ya mzazi. Januari ikaja meseji kwamba mafuta yamepanda, na nauli ya kutoka Kangemi ikapanda karibu maradufu. Ya Lavington, karibu zaidi na shule, iliongezwa kidogo tu. Kalekye akajaza fomu: makao, Lavington, namba ya nyumba ile ya Mama Jeremy, tajiri wake, alikofua na kupika siku sita kwa wiki. Kama ni uongo, alijiambia, ni nusu tu.

Mama Jeremy aligundua wiki ya pili, basi lilipopiga honi nje. Kalekye alijua kazi imekwisha. Haikuisha.

"Mimi sijakataa," Mama Jeremy alisema, kikombe cha kahawa mkononi. "Mimi pia ni mzazi. Lakini kama unafika hapa saa kumi na moja na nusu, si uanze kazi tu? Hapo kwa geti unakaa ukifanya nini?"

"Sawa, madam."

"Na mshahara ni ule ule. Usiseme sikukuambia."

Tangu siku hiyo alimkaangia Jeremy mayai, akapiga pasi shati lake, akamfungia chakula cha shule, na haya yote kabla ya jua. Ndanu alingoja kwenye kibanda cha Isaiah, mlinzi. Honi ikilia, Kalekye alitoka mbio kutia sahihi. Bila sahihi ya mzazi basi halibebi mtoto mdogo, na ya mlinzi haihesabiwi.

Jumatano moja honi ililia akiwa ghorofani, amepiga magoti, anatafuta soksi ya Jeremy chini ya kitanda.

"Madam, basi imefika. Nisaini tu nirudi."

"Jeremy ana mtihani leo. Soksi kwanza."

"Ni dakika moja, madam."

"Kalekye."

Jina tu, bila kupaza sauti. Kalekye akarudi chini ya kitanda. Honi ikalia tena, halafu tena. Alipofika getini, soksi bado mkononi, basi lilikuwa linakata kona.

"Nimewaomba, Mama Ndanu," Isaiah alisema. "Wakasema ni sheria."

Ndanu hakulia. Aliuliza tu kama mwalimu ataendelea na hadithi bila yeye. Swali hilo lilimchoma Kalekye rohoni. Afadhali angelia.

Dakika chache baadaye gari la Mama Jeremy likatoka, Jeremy peke yake kwenye kiti kirefu cha nyuma. Shule yake pia iko Parklands, ukuta kwa ukuta na ile ya Ndanu. Alimpungia Ndanu mkono. Mama yake akateremsha kioo.

"Abaki hapa leo tu, Kalekye. Na asiguse maua."

Ndanu hakugusa maua. Alikaa kibandani kutwa nzima, sare kamili, begi mgongoni. Isaiah alimwambia alivue, akakataa.

Saa kumi jioni basi lilisimama pale pale. Anti Caren, anayewapandisha na kuwashusha watoto, akateremka na daftari.

"Mama Ndanu, saini. Ya asubuhi na ya jioni."

"Lakini Anti, leo hakuenda. Yule pale, si unamwona?"

"Namwona. Lakini gari iko na kifaa cha kufuatilia safari, inaonyesha tulisimama hapa asubuhi na sasa. Ofisi wakiona hakuna sahihi, watapiga simu. Watauliza hii nyumba ni ya nani." Akashusha sauti. "Mimi najua unakaa Kangemi. Nakuonanga asubuhi ukivuka barabara. Sijaambia mtu. Lakini nami nina watoto, usinichomee kazi."

Kalekye akachukua kalamu. Safu ya kwanza: mtoto amepanda. Ya pili: mtoto amepokelewa salama. Akatia sahihi zote mbili, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wake mzuri.

Alipoinua kichwa, Ndanu alikuwa ameshachomoka kibandani, begi likimrukaruka mgongoni, na mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya basi.

"Mum, imerudi! Imerudi kunichukua!"

Anti Caren alimshika mabega, taratibu, jinsi anavyowashusha watoto kila jioni, akamgeuza na kumkabidhi kwa mama yake.